Dawa Haishukuriwi

Tangu madaktari waishe, sisi waganga wa mitishamba ndio tumewekwa zahanati. Kila chumba kina mashine ukutani, na mlango haufunguki mpaka isikie asante. Bila hiyo asante, serikali haihesabu kwamba mtu katibiwa.

Huku kwetu Upareni dawa ya miti haishukuriwi. Ukisema asante, umeshaiua. Nimewaambia wakubwa mpaka koo likanikauka, wakanijibu nisiwaletee ushirikina kazini. Basi watu wanashukuru, hawaponi, na matusi wanarudi kunimwagia mimi.

Leo binti yangu Nakunda kaleta mwanawe, mwili unachemka. Nilimnywesha mtoto, kisha nikamziba Nakunda mdomo kwa kiganja.

"Sema asante," mashine ikadai.

"Nyamaza," nikamwambia Nakunda. "Tutalala humuhumu ikibidi."

Nje foleni ikachachamaa. Jirani yangu Nambua, aliyezika mjukuu mwezi uliopita, akagonga mlango kwa ngumi.

"Wako ni bora kuliko wetu? Sisi tulishukuru, tukazika!"

Kisha akaweka mdomo kwenye tundu la kitasa. "Asante!" akapaza sauti, na foleni nzima ikamfuatisha.

Mlango ukafunguka. Nakunda akamkumbatia mwanawe, akapita katikati yao bila kumtazama mtu.

"Anayefuata!" nikaita.

Akaingia Nambua, mgongoni kambeba mjukuu wake aliyebaki. Nikamnywesha mtoto dawa ileile, kwa kikombe kilekile. Mlango ulishajifunga nyuma yake. Nikakunja mikono, nikamngoja ashukuru.