Firigisi ya Mwenye Nyumba

Mke wangu alimsikiliza Shitanda kuliko alivyonisikiliza mimi.

Jirani huyo alirudi kutoka vita vya Burma na mafundisho ya watawa wa Buddha: kila chenye uhai kina haki ya kutouawa, kutoibiwa, kutodanganywa. Mke wangu akaacha hata kuua siafu.

Wiki ya Uhuru nikamwalika Shitanda, nikachinja jogoo. Nikamwekea firigisi, ambayo kwetu huliwa na mwenye nyumba.

"Kula, bwana. Ama kuku naye ana haki?"

"Anayo," akasema. "Hata wewe unayo. Ndiyo sababu nilimkataa mkeo."

Mafuta yaliganda juu ya firigisi. Nilimtazama mke wangu nikingoja akane. Hakukana.

Jogoo alikuwa amekufa bure. Jirani hakukanyaga kwangu tena. Mke alirudi kwao Butere, mtoto wetu mgongoni.