Mzabuni Namba Tisa

Afisa aliipindua ovaroli, ndani ikawa nje, akaenda moja kwa moja kwenye mshono wa kwapa. Akaushika kwa mikono miwili, akauvuta kama anayegombana nao. Fundi aliyeishona alitazama kutoka kitini. Uzi ulilia kidogo, ukatulia.

"Taratibu, binti," alisema mwenyekiti, mzee wa kitambi na maneno ya utani. "Utatuachia matambara."

Yule afisa hakucheka. Kati ya watatu waliokaa nyuma ya meza ile, yeye ndiye aliyekuwa mdogo, na yeye peke yake hakutoa salamu fundi alipoingia. "Namba tisa, kaa," alisema, basi. Sasa alikuwa ameshuka kwenye mshono wa katikati ya miguu, pale ambapo fundi mvivu huficha aibu zake.

Fundi alijikaza kisabuni. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kwa miezi minne wanawake sita walikuja kila asubuhi kwenye chumba chake cha kushonea, wakafagia, wakatia mashine mafuta, wakawasengenya majirani mpaka majirani wakaisha, kisha wakarudi kwao mikono mitupu. Ijumaa hii mwenye chumba angekuja kuchukua funguo. Ndipo likatoka tangazo la kampuni kubwa, yenye viwanda vitatu: mwaka huu sehemu ya manunuzi yake imetengwa kwa wanawake, walemavu na mafundi wadogo. Ovaroli mia nane, na nyingine mia nane mwakani.

Hakukuwa na tangazo jingine. Alikuwa ametafuta.

"Una cherehani nne," alisema mhasibu, mwanamke wa makamo, akisoma faili. "Ovaroli mia nane kwa wiki nane. Mtaweza?"

"Kwa zamu, dada. Mashine hazichoki. Tunaochoka ni sisi, na sisi tumepumzika mpaka tumeota kutu."

Mwenyekiti alicheka mpaka kitambi kikagonga meza.

"Zilikuwa saba," alisema afisa mdogo, bila kuinua macho. "Tatu ziko wapi?"

Fundi alimgeukia.

"Nimeuza. Moja moja. Watu wanakula."

"Na ukiuza hizi nne kabla hujamaliza kazi yetu?"

"Siuzi."

"Na zile tatu, hukusema hivyo hivyo?"

Ni kweli, fundi alikuwa amesema hivyo hivyo.

"Jamani, mwache mwenzio apumue," alisema mhasibu. "Hapa tunanunua nguo, hatuhukumu wezi."

Fundi alitazama sakafu, akatazama dirisha, akatazama kalamu zilizopangwa mezani. Mwisho macho yakamponyoka, yakatua kwenye blauzi ya yule msichana. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Vidole vikamwasha. Akaona pia kwamba msichana amekonda.

Mwenyekiti akafunga faili.

"Mimi nimeridhika. Mshono huu hata fahali akiuvaa hauachii." Akatia sahihi. "Mhasibu?"

"Nimeridhika zamani." Naye akatia yake.

Karatasi ikasukumwa kwa afisa wa tatu. Bila sahihi tatu hakuna kazi. Hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa juu kabisa. Sahihi mbili zilikuwa zimekaa hapo, wino haujakauka, na fundi alihisi pumzi ikimshuka mpaka tumboni, ya kwanza tangu miezi ile minne ianze.

"Una bahati, mama," mwenyekiti alisema, akijinyoosha kwenye kiti. "Kulikuwa na namba nne, yule fundi anayetembelea magongo. Nadhani umempita hapo kwenye korido. Kazi yake safi, pengine kukupita wewe. Tumemtoa asubuhi."

"Kwa nini?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Shemeji yake ni mlinzi wetu wa geti. Sheria haitaki ndugu, hata wa kuoleana. Na tungejuaje sisi? Kajisema mwenyewe kwenye fomu, maskini wa Mungu."

"Ukweli umemponza," alisema mhasibu.

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaotaka kwenda kula.

Afisa mdogo alikuwa ameshagusisha kalamu kwenye karatasi. Ikaacha nukta. Nukta ikakua, ikawa doa, na kalamu haikusogea.

"Tia sahihi, binti. Njaa inauma."

"Nakuomba," alisema fundi. Neno lilimtoka kabla hajalizuia. "Nakuomba sana. Kuna watu sita."

Msichana akainua uso, macho yamejaa machozi. Akaweka kalamu chini. Akaitoa fomu ya namba tisa kwenye faili, akaifungua kwenye swali la kumi na moja, lile linalouliza kama mzabuni ana ndugu anayefanya kazi katika kampuni hii. Jibu lilikuwa *hapana*. Akaliwekea kidole, akaisukuma fomu mbele ya mwenyekiti.

"Mwandiko huu ni wangu," alisema. "Nilimjazia Jumapili, nyumbani. Huyu ni mama yangu."