Taa ya Kijani

Sheria ilikuwa rahisi: ugonjwa ambao mashine ya zahanati haikuuona haukuwepo, na aliyelalamika mara tatu aliandikwa mgonjwa wa akili. Sekela alikuwa ameshalalamika mara mbili. Kila deki ilipopigwa kwa dawa iliyogawiwa nyumba zote, kichwa kilimgonga na kifua kikambana, lakini mashine ilimwashia taa ya kijani. Basi akanyamaza.

Jumatatu moja binti yake Atupele, wa miaka mitano, alisimama sakafuni kukiwa bado kumelowa dawa ya deki, akaanza kukohoa.

“Mama, sakafu inanibana hapa,” akasema, akigusa kifua.

Mumewe, Ambakisye, hakungoja; alimbeba mtoto mpaka zahanati, Sekela akimfuata mbiombio.

Mashine ikawasha kijani. Nesi akashika kalamu.

“Haya mwanangu, bado unaumwa? Niandike lalamiko la kwanza?”

Atupele alimtazama mama yake. Sekela akatikisa kichwa kukataa, kidogo sana.

“Siumwi,” mtoto akasema.

Wakati wa kurudi Sekela alimbeba mgongoni, akasikia kile kifua kidogo kikitetemeka kwa kikohozi alichokuwa akikizuia, na hakuthubutu kumwambia akohoe.