Kobe Aliyechelewa Kutoka Pangoni

Fuko, anayeisikia ardhi kwa tumbo, aliwaonya wenzake wa pangoni: "Tetemeko linakuja Ijumaa!" Ijumaa wote wakatoka mbio, isipokuwa Kobe, ambaye mbio hana. Hakikutikisika hata kijiti. Wakarudi wakimtukana Fuko, wakakutana na Kobe bado anatoka.

"Rudi, babu, ulikuwa uongo!"

"Kugeuka nako ni kazi," akasema Kobe, akaendelea.

Jumapili Pelele, mmoja wa wanyama wa pangoni, akapiga kelele nje. "Jamani, njooni! Babu ndio kwanza anafika!"

Wote wakatoka kumcheka, hata Fuko. Hapo ardhi ikatikisika, na pango likaporomoka tupu nyuma yao.

Kobe akageuza shingo taratibu. "Fuko, mjukuu wangu, ukisikia tena, mimi niambie mapema. Hawa waite waje kunicheka."