Kibao cha Edna

"Basi ngojea hiyo leseni, na mwenzio afe kwa mawazo!" Bi. Asteria alimfokea binti yake Edna, mikono kiunoni.

"Mama, Baraza la Washauri bado halijanipitisha. Siruhusiwi kumhudumia mtu."

"Umesoma, umefaulu, ukumbi mzima ulikupigia makofi! Baraza linajua nini kuhusu mtoto wangu?"

Asubuhi hiyo, bila kumuuliza mtu, Bi. Asteria alikuwa amepigilia kibao juu ya mlango: EDNA, MSHAURI WA AFYA YA AKILI. Jirani yao Mama Doto, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu amzike mumewe, alikiona akaja. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi nje, akisubiri.

"Amekuja kwa sababu kibao kimemwambia nimeruhusiwa," Edna alisema. "Kimemdanganya, mama."

"Loo! Mimi mwongo?"

"Kibao ndicho cha uongo. Na kina jina langu."

Ukaidi huo Bi. Asteria aliujua. Alikuwa nao yeye, na mama yake kabla yake.

Edna alitoka, akamshika Mama Doto mkono. "Twende hospitali, mama. Kuna mshauri mwenye leseni. Nitakusubiri mlangoni mpaka umalize."

Bi. Asteria akapanda kigoda, akang'oa kibao kwa nyundo ileile, akakiegemeza ndani kikitazama ukuta. Kisha akafunga mlango na kuwafuata, kichwa juu, akitembea katikati ya njia kama mama wa bibi harusi.