Mstari wa Tatu

Tangu awe kiziwi, fundi Mbaruku hakugusa injini. Zamani aliigusisha bisibisi ndefu, akaweka mpini sikioni, akausikia ugonjwa wake.

Leo mkewe, Siwema, alimletea mashine yenye kioo cha kuonyesha umeme wa injini. Mbaruku akabana nyaya zake kwenye koili, zinazopeleka umeme kwenye plagi, za gari la zahanati lililokuwa likikohoa, akaliwasha. Mistari ya kijani ikaruka kiooni, mmoja kwa kila plagi. Wa tatu ulikuwa mfupi, ukitetemeka.

“Koili ya tatu imekwisha!” Mbaruku akapaza sauti bila kujua.

Akaibadilisha. Mistari yote ikasimama sawa.

“Ahsante, mama Rehema,” akamwambia mkewe. “Umenirudisha kazini.”

Siwema akamjibu, akisahau kwamba hasikii. Mbaruku alikuwa ameinamia injini na bisibisi yake, mpini sikioni kama zamani, macho kwenye kioo.