Dungusi la Bafuni

Kinyozi alimwacha mteja na nusu kichwa. "Nakuja sasa hivi," alisema, akakwapua chupa ya kupulizia maji na kutimka kuelekea nyumbani. Mteja alibaki na kitambaa shingoni, akijitazama kwenye kioo.

Kinyozi aliingia bafuni moja kwa moja. Dungusi lilikuwa kwenye kidirisha, pale mvuke wa maji ya kuoga unapofika. Akayapulizia majani yake bapa, yasiyo na miiba, moja baada ya jingine. Yalikuwa yamesinyaa tena. Juzi yalikuwa na afadhali, leo yamelegea kama soksi.

"Jamani, wewe unataka nini tena?" alilia. Kweli alilia, mwanaume mzima.

Lilikuwa dungusi la mwanawe wa pekee, Kipara. Mtaa ulimwita hivyo kwa kuwa mtoto huyo wa kinyozi hakuwahi kuonekana na unywele. Siku anaondoka kwenda kufanya kazi melini, alimkabidhi mama yake chungu: "Mama, likiwa hai, jua na mimi ni hai."

Meli ikazama. Kampuni ikasema hakupona mtu. Ndugu walipofika na vilio vyao, kinyozi aliwazuia mlangoni. "Msiba wa nani? Dungusi si hilo hapo, kijani kibichi! Nyumba hii hakuna kulia!" Ndugu wakatazamana, wakaondoka. Mkewe alikuwa nyuma yake, kiganja mdomoni.

Tangu hapo mama wa watu alikonda, akabaki mifupa. Mara kwa mara alijifungia bafuni na lile dungusi, na kinyozi akawa anasimama nje ya mlango akimsubiri. Likifa hili, aliwaza, na mke nitamzika.

Lilipoanza kusinyaa mara ya kwanza, alilipeleka kwa muuza maua. Yule bwana akageuza majani, akacheka kidogo.

"Mzee, hili si la jangwani. Kwao ni misitu ya mvua, linaota juu ya miti. Linataka unyevunyevu, kivuli, na udongo usiotuamisha maji."

"Yote hayo nafanya!"

"Basi huu ukoko mweupe kwenye udongo ni wa nini? Maji yenu ya bomba yana chumvi. Lipe maji ya mvua."

Maji ya mvua, na jua hilo la kiangazi! Kinyozi alizunguka na dumu, akibisha hodi kwa kila mwenye tangi. Majirani wakanong'ona kwamba amerukwa na akili. Na waseme. Mvumilivu hula mbivu. Alibadilisha udongo, akaiosha mizizi taratibu kwa mkono uleule unaoshika wembe, akalirudisha kwenye mvuke. Dungusi likaanza kunyanyuka.

"Mama Kipara, njoo uone! Kijana anarudi!"

Mkewe alisimama mlangoni. "Nimeona, Baba Kipara." Akarudi jikoni, na kinyozi akasikia sufuria ikidondoka.

Na sasa limesinyaa tena, na ukoko mweupe umerudi palepale. Kinyozi hakuelewa kitu. Maji aliyachota mwenyewe, udongo aliununua mwenyewe. Alirudi saluni, akammaliza yule mteja vibaya, akakataa malipo kwa aibu. Kisha akafunga duka mchana kweupe, akaomba dumu jingine la maji kwa jirani na kurudi mbio, akimsihi Mungu ampe siku chache tu, chache tu, mwanawe apige simu.

Mlango wa bafuni ulikuwa umerudishwa. Akausukuma kwa goti.

Mkewe alikuwa sakafuni, chungu kiko mapajani, anakoroga chumvi kwenye kikombe cha maji. Alimwona mumewe, wala hakushtuka. Aliyamimina yote kwenye mizizi, mpaka tone la mwisho.

"Liache life, mume wangu," alisema. "Nataka kumlilia mwanangu."